Kafaulu mitihani minne ya CLEP, foleni ya uuguzi haijasogea

Dada wa kisa hiki ni Mtanzania wa miaka 38, anaishi Houston, Texas, na anafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee. Shifti yake ni ya usiku. Asubuhi anapeleka watoto shule, mchana analala kwa mafungumafungu, jioni anapika, usiku yuko kazini tena. Nyumbani alimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza), akaja Marekani kumfuata mumewe, akabeba boksi miaka ya mwanzo kama wengi wetu. Sasa ana green card na anataka kuwa RN, muuguzi aliyesajiliwa. Ameanza masomo kwenye chuo cha jamii, hivi vya miaka miwili, na tangu mwaka uliopita amefanya mitihani mitano ya CLEP. Minne kafaulu. Swali alilokuja nalo lilikuwa hili: "Kaka, nimefaulu yote haya, mbona kwenye orodha ya uuguzi wananiambia siko mbele ya mtu yeyote?"

Ameniruhusu niliandike. Nimebadilisha mambo madogo madogo asije akatambulika, na chuo chake sitakitaja.

CLEP kwa ufupi, kwa asiyeijua. Ni mitihani ya College Board, wale wale wenye SAT na AP, na imekuwapo tangu 1967. Wazo lake ni kwamba mtu mzima aliyejifunza jambo kazini, jeshini au kwa kujisomea asilazimishwe kukaa darasani muhula mzima kulipia anachokijua tayari. Masomo yako 34, kuanzia Kalkulasi hadi Uhasibu. Mtihani mwingi ni wa dakika 90 kwenye kompyuta, maswali ya kuchagua jibu, na alama ni kuanzia 20 hadi 80. Ada ni chini kidogo ya dola 100, na kituo cha mtihani kinaweza kuongeza chake juu. Kuna shirika lisilo la faida linaloitwa Modern States, lina masomo ya bure mtandaoni kwa ajili ya mitihani hii, na ukimaliza somo wanakupa vocha inayolipia ada. Dada yetu alipita njia hiyo. Mfukoni hakutoa karibu chochote, na hilo nalo lilichangia kilichotokea: kitu cha bure hatukiulizi maswali mengi.

Sasa tuje kwenye mzizi wa jambo, na hapa nataka nikae kidogo.

Sisi tuliolelewa na Baraza la Mitihani tuna imani moja kuhusu mtihani. Matokeo ni hukumu. Ukipata Division One umepata Division One, awe mkuu wa shule anakupenda au hakupendi, na karatasi ile utaionyesha Mtwara au Bukoba na thamani yake haibadiliki. CLEP haiendi hivyo. Baraza la elimu la Marekani, wanaloliita ACE, linapendekeza alama ya 50 kuwa ya kufaulu kwa masomo karibu yote, na linapendekeza krediti ngapi zitolewe, yaani vile vipimo vya uzito wa kozi unavyokusanya mpaka uhitimu. Neno la kuangalia hapo ni "linapendekeza". Kila chuo kina haki ya kuamua kama kinapokea mtihani fulani, kwa alama ipi, kwa krediti ngapi, na kozi ipi hasa inafutika. Ndani ya chuo hicho hicho idara nayo inaweza kuwa na masharti yake. Kuna vyuo vikuu vya majina makubwa visivyopokea CLEP hata chembe. Kwa hiyo karatasi ya matokeo aliyokuwa nayo dada huyu ilikuwa ni maombi, na yeye aliibeba kama cheti. Nimeona wahandisi na walimu wakijikwaa hapo hapo, kwa hiyo sisemi ni kutojua kusoma maelezo. Ni malezi ya shule tuliyotoka nayo.

Tuipitie mitihani yake mmoja mmoja.

Wa kwanza ulikuwa Historia ya Marekani, sehemu ya kwanza, ile inayoanza na makoloni na kuishia kipindi cha baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliuchagua kwa sababu alikuwa mtu wa HGL na historia ilikuwa somo lake. Lakini historia ya kidato cha sita ni ya kuandika. Unapewa "jadili", unatoa utangulizi, hoja sita, hitimisho. Huku alikuta maswali 120 kwa dakika 90, yaani sekunde 45 kwa swali, na majibu matano yanayofanana fanana. Anasema maswali ishirini ya kwanza aliyafanya kama mtu anayeandika insha kichwani, akija kutazama saa, robo ya muda imekwisha. Kilichomwokoa ni kwamba jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo dakika za mwisho alijaza kila penye uwazi. Kapata 56. Mwanafunzi wa kwetu huwa anaona haya kubahatisha. Hapa ukiacha swali wazi umejipunja mwenyewe.

Wa pili, Serikali ya Marekani, 52. Wa tatu, Utangulizi wa Saikolojia, 58. Wa nne, Ukuaji na Maendeleo ya Binadamu, 61, na huu aliufurahia kuliko yote. Hatua za maisha za mwanasaikolojia Erikson, ile ya mwisho ya uzee, mtu anapoitazama nyuma maisha yake akaridhika au akakata tamaa, hakuhitaji kuikariri, maana wazee wa namna zote mbili anawabadilishia shuka kila usiku. Hapo wazo la mwaka 1967 lilikuwa likifanya kazi sawasawa: mtu anajua jambo kwa kazi, mtihani unathibitisha.

Wa tano ulikuwa Aljebra ya Chuo, na huo ulimwangusha. Logarithimu hakuwa amezigusa tangu kidato cha nne. Ukifeli CLEP, mtihani huo huo huruhusiwi kuurudia mpaka ipite miezi mitatu, na yeye alikuwa anahesabu siku zifike.

Basi, minne mkononi. Tuiweke sasa mbele ya anachokitaka, yaani programu ya uuguzi ya miaka miwili.

Programu hizo Texas kwa kawaida hutoa digrii ya aina ya AAS, ile ya miaka miwili inayolenga kazi, na kozi za jumla zinazotakiwa ni chache: anatomia na fiziolojia mbili, mikrobiolojia, Kiingereza cha kuandika, saikolojia ya jumla, ile ya ukuaji wa binadamu, na somo moja la sanaa au falsafa. Historia ya Marekani haimo. Serikali haimo. Aljebra, kwa chuo chake, haimo. Kwa hiyo katika mitihani mitano, mitatu ilikuwa ya masomo ambayo programu yake haiyahitaji, ukiwamo ule aliokuwa akisubiri kuurudia. Aliyachagua kwa sababu yalikuwepo, yalikuwa ya bure, na jina la somo alilifahamu.

Hapo ndipo watu wengi humaliza uchambuzi: angesoma orodha kwanza. Ni kweli, lakini bado hatujagusa kilichomuuma hasa, maana saikolojia mbili zilikuwemo kwenye orodha na alizifaulu vizuri.

Uuguzi una waombaji wengi kuliko viti. Programu nyingi hupanga waombaji kwa pointi: matokeo ya mtihani wa kuingilia, HESI au TEAS, pamoja na alama za kozi za awali. A inakupa pointi kadhaa, B pungufu ya hapo, C pungufu zaidi. Krediti ya CLEP inaingia kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo yako, bila herufi. Inaandikwa tu kwamba krediti imetolewa. Haimo kwenye GPA, ule wastani wa alama, na kwenye jedwali la pointi la idara yake inahesabika kuwa sharti limetimizwa, pointi sifuri. Mwenzake aliyekaa darasani muhula mzima akapata A ya saikolojia yuko mbele yake, ingawa huenda kwenye mtihani ule wa CLEP asingefikisha 58.

Ni haki? Nimelifikiria sana hili. Idara inataka kipimo kimoja kwa wote, na alama ya 58 kati ya 80 huwezi kuigeuza A au B bila kubuni kanuni. Upande wa pili, anayeumia ni yule yule ambaye mfumo uliundwa kwa ajili yake, mtu mzima mwenye kazi. Mimi naona idara ingeweza kuliandika jambo hili kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa maelekezo yake. Lilikuwa kwenye tanbihi.

Kuna jambo lingine ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliona, nalo ni la muda. Alidhani kila mtihani anaofaulu unamfupishia safari. Chukua kalenda uitazame. Anatomia ya kwanza, BIOL 2401, ni lazima ipite kabla ya ya pili, BIOL 2402, na chuoni kwake mikrobiolojia inafuata baada ya hapo. Hiyo ni mihula mitatu hata ukiwa huna kozi nyingine duniani. Kiingereza na saikolojia mbili na somo la sanaa zinaweza kukaa pembeni mwa hizo, moja moja au mbili mbili. Kuzifuta saikolojia kwa CLEP kunapunguza mzigo wa muhula, usingizi unapatikana kidogo, lakini siku ya kutuma maombi haisogei hata kwa wiki moja. Anatomia ndiyo inayoshika mlango, na CLEP haina mtihani wa anatomia.

Na pesa je? Hapa wengi watanibishia, maana CLEP inauzwa kwetu kama njia ya kuokoa ada. Kwa dada huyu hesabu ilikuwa imekaa vingine. Ana Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu ambayo kwa mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Pell hulipwa kulingana na krediti unazosoma muhula huo, na krediti 12 ndiyo asilimia mia. Akisoma anatomia ya krediti 4 na saikolojia ya krediti 3, ana 7, anapata asilimia 58. Akiifuta saikolojia kwa mtihani akabaki na anatomia peke yake, anashuka hadi asilimia 33, kwa sababu krediti za mtihani hazihesabiwi kuwa unasoma. Kwa mwenye Pell ya juu kabisa tofauti hiyo ni zaidi ya dola 900 kwa muhula, wakati ada ya kozi moja ya krediti tatu kwenye chuo cha jamii, kwa mkazi wa wilaya ya chuo, ni mamia machache tu ya dola.

Tusilizidishe pia. Pell isiyotumika muhula huu haipotei yote, kwa kuwa serikali inakupa kikomo cha maisha cha miaka sita ya masomo kamili, na usichokula leo kinabaki kwenye hesabu yako ya baadaye. Ila kwa mtu ambaye ada yake imeshalipwa na ruzuku, na anahitaji herufi A kwa ajili ya pointi, kufanya CLEP ya saikolojia kulimpunguzia vyote viwili.

Mbadilishie hali mtu huyo uone jibu linavyogeuka. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, hana Pell, analipa ada ya mgeni ambayo ni mara kadhaa ya ada ya mkazi: kwake kila krediti tatu za CLEP ni pesa taslimu iliyobaki kwa mzazi kule Arusha. Yeye wa kuangalia ni jambo moja tu, kwamba lazima abaki na krediti 12 za darasani kila muhula ili viza isiharibike, na CLEP haijazi pengo hilo. Mwanajeshi anayelipiwa mitihani na DANTES, mpango wa elimu wa jeshi la Marekani, naye yuko kwenye hesabu yake tofauti. Mtu wa shahada ya biashara, ambako hakuna foleni ya pointi, naye anaweza kufuta nusu ya kozi za mwaka wa kwanza na asipoteze kitu. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia mtu kwenye kikundi cha WhatsApp anatangaza kwamba "CLEP inalipa" au "CLEP ni upuuzi". Inamlipa nani, anayesoma nini, wapi?

Tulichofanya kilikuwa cha karani tu. Mshauri wa masomo wa jumla, yule wa dirishani, alikuwa ameshamwambia "CLEP tunapokea", na hakudanganya: chuo kinapokea. Aliyetakiwa kuulizwa ni idara ya uuguzi, tena kwa maandishi. Tukaandika barua pepe yenye maswali matatu. Je, mnakubali CLEP kutimiza PSYC 2301 (saikolojia ya jumla) na PSYC 2314 (ukuaji wa binadamu)? Mkikubali, mnaihesabu vipi kwenye pointi? Na mtu akiwa na alama ya CLEP, anaruhusiwa bado kuisoma kozi darasani ili apate herufi?

Jibu lilichukua siku kadhaa, likaja wazi. Wanakubali. Pointi ni sifuri. Darasani anaruhusiwa, ilimradi krediti ya mtihani haijaingizwa kwenye transkripti ya chuo.

Sharti hilo la mwisho liliamua kila kitu. Siku ya mtihani unaulizwa chuo cha kutumiwa alama, na chaguo hilo la mara ya kwanza halina malipo. Saikolojia ya jumla alikuwa ameituma, imeshaingizwa, basi. Pointi zile zimekwenda. Ila siku ya mtihani wa Ukuaji wa Binadamu alikuwa na haraka ya kuwahi watoto, msimbo wa chuo hakuwa nao, akaruka kipengele. Alama ile ya 61 ilikuwa bado imelala College Board. Tukaiacha ilale. Alama za CLEP zinatunzwa miaka 20, hakuna anayezikimbiza. Akajiandikisha PSYC 2314 darasani pamoja na anatomia ya pili, Pell ikalipa, na kwa kuwa somo alikuwa analijua tayari, alipata A bila kutokwa jasho. Marudio ya aljebra akayafuta. Kiingereza nilimshauri akisome darasani vilevile ingawa kuna CLEP ya uandishi yenye insha mbili, na hilo nililisema kwa sababu ya kazi kuliko pointi: muuguzi anaandika ripoti ya mgonjwa kila shifti, na mahali pa kusahihishwa Kiingereza chako kwa upole ni darasani, siyo mbele ya msimamizi wa zamu.

Jambo moja pembeni, maana huulizwa kila mara: Kiswahili chetu hakiwezi kutupa krediti? Kwa CLEP hapana. Lugha zake ni Kihispania, Kifaransa na Kijerumani tu, na Mkongo mwenye Kifaransa cha shule anaweza kufaidi sana hapo. Kiswahili kinapimwa kwingine. ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani, wana mtihani wa mahojiano ya kuzungumza unaofanyika kwa Kiswahili, na ACE inapendekeza krediti kulingana na kiwango unachopata. Ukiwa kwenye shahada inayodai lugha ya kigeni, uliza kabla hujajiandikisha Kihispania cha mwanzo. Kwenye uuguzi wa miaka miwili hakuna sharti la lugha, kwa hiyo dada yetu hilo halikumhusu.

Na ile mitihani miwili iliyoonekana kupotea bure, historia na serikali? Mpango wake wa mbali ni kutoka RN kwenda BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi, na hapo mambo yanageuka. Sheria ya Texas inamtaka kila anayehitimu shahada ya kwanza kwenye chuo cha umma awe na krediti 6 za historia ya Marekani na 6 za serikali. Ile 56 na ile 52 zinaweza kufuta krediti 3 kila upande. Huko hakuna anayepanga foleni kwa herufi ya historia. Nimemwambia asitegemee transkripti ya chuo cha sasa peke yake, maana chuo kikuu kinachompokea kinaweza kutaka ripoti ya alama moja kwa moja kutoka College Board na kikafanya uamuzi wake upya. Hisabati itakayotakiwa huko mara nyingi ni takwimu, ambayo CLEP haina. DSST, mitihani mingine ya jamii hiyo hiyo, wanayo, kwa vyuo vinavyoipokea.

Nusu ya pili ya krediti za serikali nayo haina njia ya mkato. Mtihani wa CLEP unahusu serikali kuu, kwa hiyo vyuo vya jamii vya Texas huutolea GOVT 2305, wakati GOVT 2306 ni ya katiba na serikali ya Texas yenyewe. Hiyo ataisoma mtandaoni majira ya joto, akishatuma maombi ya uuguzi, wakati anasubiri majibu.